Petroli Isiyouzwa kwa Rofinus

Ermelinda aliuza petroli ya chupa katikati ya mlima, kwenye barabara ipandayo kutoka mji wa Ruteng. Rafu ya mianzi, chupa za lita moja, na nyuma yake nyumba ambamo mumewe, Kanisius, alishinda amekaa na mguu wake uliopinda.

Mguu huo ulivunjika miaka mingi nyuma, kabla Ermelinda hajaanza kuuza petroli, Kanisius alipoanguka kutoka kwenye mkarafuu. Siku ile Ermelinda alisimama katikati ya barabara akipunga mikono. Aliyetokea alikuwa Rofinus wa bonde la pili, kwenye pikipiki. Alimtazama majeruhi, akagonga tangi kwa ngumi.

"Mafuta yamekwisha, mama. Mjini sifiki."

Akaenda zake. Jioni watu walimwona huko pwani, mwendo wa mbali, akimshangilia jogoo wake kwenye pigano. Kanisius alibebwa kwa machela mpaka zahanati, na mfupa ukaunga vibaya. Ermelinda hakumtukana Rofinus, wala hakumsema kwa watu. Alimwekea tu kinyongo.

Msimu huu wa mvua kituo cha mafuta cha mjini kilikauka, barabara ikawa kimya. Asubuhi moja Ermelinda alisikia pikipiki ikikohoa chini ya kona, ikanyamaza. Hatimaye Rofinus akatokea akiisukuma, kiunoni songke mpya, kitambaa cha kufumwa cha sherehe, shati jeupe limemgandama mgongoni.

"Mama Ermelinda, Mungu ndiye aliyekuweka hapa," alisema akihema. "Nipe chupa mbili. Leo wanakuja kumposa binti yangu, na msemaji wa ukoo ni mimi."

"Mafuta yamekwisha."

Rofinus alitazama rafu. "Na haya?"

"Hiyo ni chai."

Akacheka, akidhani anataniwa. "Basi nipe chai. Pikipiki yangu haichagui."

"Chai yangu inachagua mnywaji."

Kanisius alijikokota mpaka mlangoni. "Muuzie mtu aende zake, mama. Yale yamepita."

"Yamepita? Hebu tembea mpaka hapa nilipo, tuone kama yamepita."

Kanisius akarudi kukaa.

"Kama ni habari ya mguu," Rofinus alisema, "mimi sikujua kama ameumia kiasi kile."

"Mfupa uliuona."

"Nilikuwa na haraka, shemeji. Nisamehe basi." Na huku akiomba msamaha, mkono wake ulishafika kwenye chupa.

Ermelinda aliuona mkono ule. Akaichukua chupa yeye, akaifungua, akaimimina mtaroni taratibu, kama anayemwagilia mboga. Akachukua ya pili, akaimimina nayo. Ilikuwa fedha ya mchele wa kesho ile, naye alijua. Harufu ilipanda puani mwake, akaivuta mpaka ndani.

"Sukuma," alimwambia. "Wakwe wanakungoja."

Rofinus alisukuma. Kuiacha pikipiki njiani hakuthubutu, na gari la kumbeba halikupita. Mvua ilimkuta kabla hajamaliza mlima. Ermelinda alisimama akimtazama kona hadi kona, mpaka songke ile ikawa rangi ya tope.

Habari aliipata sokoni kwa muuza samaki. Rofinus alifika wageni wamekwisha kula. Mdogo wake, ambaye siku zote alimwita bubu, ndiye aliyesimama kuusemea ukoo, na alisema vizuri hata wazee wa upande wa pili wakamsifu. Neno lililotolewa mbele ya wazee halirudishwi. Sasa kila penye shughuli ukoo unamwita mdogo, na Rofinus anakaa nyuma na wavuta sigara.

"Hebu rudia pale aliposifiwa," Ermelinda alimwambia muuza samaki.

Kanisius hakusema naye mpaka Jumapili. Kila jioni Ermelinda alimkanda mguu kwa mafuta ya nazi ya moto, akamwacha anune. Yeye mwenyewe alikula akashiba, akalala usingizi mzito.