Aliyebaki na Farasi

Leo, katika somo la historia, mwalimu alitufundisha juu ya dragoni, askari wa zamani wa Ulaya. Walikwenda vitani juu ya farasi, lakini wakifika walishuka na kupigana kwa miguu. Mmoja wao alibaki nyuma kushika farasi wa wenzake.

"Kama bachimbaji ba Musonoi na mapikipiki yabo!" kijana mmoja akasema, na darasa lote likacheka. Mwingine akaongeza, "Ule mwenye kubakia na bafarasi, ni muoga tu!"

Mi sikucheka. Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, ndiye alikuwa anabaki juu ya shimo kulinda pikipiki, marafiki zake wakishuka kuchimba shaba. Mwezi uliopita udongo uliwafunika wote kule chini. Yaya alirudi nyumbani na nguo safi.

Nilitaka kumuuliza mwalimu: kama wenzake hawarudi, yule wa farasi anafanya nini? Nina haya sana, nikaliandika swali pembeni ya daftari tu.

Nilipofika nyumbani, huku Dilala, nilimkuta yaya uani, anapangusa pikipiki za marafiki zake, alizozileta kutoka shimoni, kama kila siku. Familia zao zilikuja kuzichukua, akakataa kutoa funguo.

"Yaya, mama anasema ukuje kula."

"Balinambia nisitoke hapa mpaka bapande."

Alisema polepole, bila kuniangalia, kama vile wako chini bado wanachimba. Nikaenda jikoni, nikamletea bukari yake, ugali wa moto, pale pale, kando ya pikipiki.