Nilivyomfasiria Katibu Mstaafu

Siku ya kwanza kazini Randburg, kusini kabisa mwa Afrika, mwaka 2016, nilivaa tai. Mlinzi wa geti, Mkongomani mwenzangu, alinicheka: "Papa, ule muzee hatokake hata inje. Tai ni ya nani?"

Ilikuwa ya heshima. Mzee mwenyewe alikuwa Mchina, katibu mstaafu wa chama cha kikomunisti katika wilaya ya kwao, na sasa aliishi kwa binti yake mfanyabiashara. Kwao watu walisimama akiingia. Hapa hata majirani hawakumjua. Nilimwita Katibu, naye akaniita Komredi. Kazi yangu ilikuwa kuandika maisha yake kwa Kiingereza, ili mjukuu wake, msichana wa chuo kikuu asiyejua Kichina, amfahamu babu yake.

Sisi wakalimani tuliofunzwa migodini, mimi kule Katanga, tuna ugonjwa wa kulainisha. Meneja wangu wa kwanza, Mchina pia, akiwaita wafanyakazi wavivu, mimi nilisema, "Anaomba tuongeze bidii." Siku moja aliniambia, "Umeniokoa na mgomo." Nikavimba kichwa.

Tulipofika miaka ya ujana wake, Katibu alisimulia mkutano wa kukosoana, ambapo mtu husimamishwa mbele ya wenzake na kusomewa makosa yake. Aliyesimamishwa alikuwa kaka yake, mwalimu. Msomaji wa mashtaka alikuwa Katibu mwenyewe. Kaka akapelekwa kambi ya kazi ngumu, akafia huko.

"Andika yote," akasema. "Mjukuu wangu akinisamehe, yatosha."

Nilimwonea huruma. Nikaandika kwamba kaka alihamishiwa mbali kikazi, mauti yakamkuta huko.

Juma lililofuata mjukuu alikuja na kurasa zile, akamkumbatia babu yake. "Eish, Babu, umepitia mengi! Najivunia wewe." Hayo nilimfasiria neno kwa neno. Mzee akalia, kisha akanishika mkono. "Amesoma, Komredi. Na bado ananipenda."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilimpa kitambaa afute machozi, na miezi michache baadaye tukamzika.

Sasa nimestaafu, niko peke yangu chumbani, mtaa wa Joubert Park, na upweke wa siri ni mbaya kuliko wa chumba. Vijana mnaoanza kazi hii, tusi lifasirini kama tusi, na toba kama toba. Mimi nilimpa mzee msamaha ambao hakuna aliyeutoa, na naona aibu.

Wiki iliyopita mjukuu aliniandikia. Anakwenda Uchina, na anauliza kaka wa babu alihamishiwa mji gani, apeleke maua kaburini.