Madoa Chini ya Jani

Juzi muuza vitabu alinisifia kitabu cha kutambua kangaga, ile mimea isiyochanua. Nilikifungua penye picha ya mgongo wa jani, nikaona madoa ya kahawia niliyoyajua tangu utotoni.

Kule Kanyangi Baba alitufundisha kugeuza majani ya pamba na kuponda mayai ya wadudu. Jumapili moja alasiri, Mama akiwa kanisani, niligeuza jani la kangaga lake la mkebeni. Mayai tele! Niliogopa yatahamia shambani. Nikayakwangua yote, nikiisikia kwaya ya kanisani ikimaliza wimbo wa mwisho, kucha zikinuka majani mabichi.

Mama alirudi na mke wa pasta. "Kangaga langu likizaa tu, nitakuletea moja," alimwahidi.

Nilificha mikono. Kila Jumapili nilikwangua tena, na kangaga halikuzaa kamwe.

Kitabu kinasema kangaga huzaa kwa vumbi linalokaa kwenye yale madoa. Sikukinunua. Naishi na Mama, na bado anasoma vizuri.