Siku Baba Alipopanda na Kafi

Harufu ya majani yanayoungua hunikuta kila mwaka kiangazi kinapoanza. Hushuka kutoka milimani jioni, upepo unapogeukia ziwani, ikaingia ndani ya nyumba, ikakaa kwenye nguo zilizoanikwa na hata kwenye sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Watu hapa Baraka hukohoa na kulalamika. Mimi husimama mlangoni nikavuta pumzi. Mwaka huu nimesimama muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu baba yangu yuko chini ya udongo tangu mvua za mwisho, na harufu ile ni yake na yangu.

Ninyi mnaosoma, msitegemee habari kubwa. Ni habari ya mtoto aliyepanda mlima na baba aliyemfuata.

Tuliishi Lweba, mimi na yeye tu. Mama alifariki kabla sijajua kumwita. Baba alikuwa mvuvi, na kwake mlima ulikuwa alama. Juu kabisa ya kijiji chetu, kwenye ukingo wa mlima, kuna mahali palipokatika kama pametoka jino, na wavuvi wanapaita Pengo. Baba akiwa majini alilitafuta Pengo kwa macho, akaliweka sawasawa juu ya mchikichi mrefu wa misheni, ndipo alipojua kwamba chini ya mtumbwi wake kuna samaki. Aliujua mlima ule kama unavyoijua sura ya jirani ambaye hujawahi kuingia nyumbani kwake.

Aliyeingia ni shangazi Apolina, dada yake. Yeye alipandisha ndakala, wale samaki wadogo waliokaushwa, na chumvi, akavuka Pengo, akafika soko la wafugaji walioko juu, akarudi na maharage, viazi na siagi iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Kitunga kilikaa mgongoni, kamba pana ikapita kwenye paji la uso, naye alitembea ameinama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Kila aliporudi nilikimbia kumpokea. Nguo zake zilikuwa bado na baridi ya huko, baridi ambayo sisi watu wa ziwani hatuna, na mimi nilibandika shavu langu mgongoni kwake ili niipate kabla haijaisha.

Nilikuwa mtoto wa kupanda. Mawe yote ya nyuma ya nyumba nilikuwa nimeyamaliza. Nikikosa jiwe nilipanda kichuguu. Kwa hiyo binti yake shangazi, aliyekuwa akipanda naye, alipoolewa huko Nundu, na shangazi akaja kuniomba kwa baba nimsindikize njiani, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango, roho mkononi.

Baba alikataa. Alisema hapa chini mtoto akianguka, anaogelea. "Kule akianguka, ataogelea mu nini?"

"Mu majani," shangazi akamjibu, akaendelea kula.

Mabishano yale yalichukua msimu mzima wa mvua. Shangazi alikuwa mtu wa kurudia jambo bila kupandisha sauti, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka unachoka. Mwishowe baba alikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe alilitoa ziwani, maana hakujua sheria nyingine.

Kwetu, mtu akivuka maji kwenda Ubwari, hakuna sauti itakayorudi kusema amefika. Basi akifika huwasha moto ufukweni, akatupia majani mabichi juu yake. Moshi mmoja maana yake nimefika, laleni. Mioshi miwili maana yake kuna shida, leteni mtumbwi haraka. Kila mtoto wa ufukweni anajua hilo kabla ya kujua kuvaa nguo vizuri. Baba akasema nikifika Pengo niwashe moto, naye atakaa mchangani akishona nyavu, uso kwa mlima.

"Nikiona moshi moja ndani ya Pengo, utakuwa unapandaka na shangazi yako kila soko," aliniambia. "Ukinipa shida, ni mwisho. Hutanisumbua tena na mambo ya mulima."

Nilisema ndiyo. Ningesema ndiyo hata kama angetaka niwashe moto mwezini.

Tuliondoka alfajiri, kiangazi kilipokuwa kichanga na anga bado safi. Kwanza tulipita mashamba ya mihogo, halafu michikichi, halafu njia ikaacha kuzunguka na kuanza kusimama. Shangazi alinipa kifurushi cha chumvi, kidogo tu, ili nami niwe na mzigo. Nilijua kwamba nitachoka, na nilichoka. Mate yakawa mazito. Lakini palikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia, kwamba mwili unapochoka sana kichwa kinakuwa safi, unaona kila jani, unasikia kila kijiwe kinachoteleza chini ya kisigino.

Katikati ya mlima kuna mahali wanapopaita Ngazi. Ni mwamba ulioinama, una mizizi na nyufa, na hapo miguu peke yake haitoshi. Wengi hupapita wakisali. Shangazi alinionyesha pa kushika mara moja, kisha akaniacha. Niliweka mkono kwenye ufa, mguu kwenye mzizi, nikajivuta. Jiwe lilikuwa la baridi na lilikuwa na chembe zinazokwaruza. Nikajivuta tena. Nilipofika juu nilikuwa nacheka, nacheka peke yangu bila kichekesho, mpaka shangazi akaniuliza kama nimepanda na pepo.

"Nataka kurudia," nilimwambia.

"Utarudia kesho ukishuka. Huyu mutoto ana miguu ya mbuzi," akasema, akiwaambia mawe, maana hapakuwa na mtu mwingine.

Tulifika Pengo jua limepita kichwani. Nikageuka. Mpaka siku ile nilidhani Ubwari ni ng'ambo ya ziwa, mwisho wa maji. Kumbe ni mkono mrefu uliolala, na nyuma yake kuna maji mengine, mengi kuliko yetu. Mitumbwi ilikuwa kama punje za mchele. Kijiji chetu ningeweza kukifunika kwa dole gumba, na nilikifunika, kisha nikaondoa dole haraka kwa sababu baba alikuwa chini yake.

Tuliwasha moto. Nilitupia majani mabichi kwa mikono yangu, moshi ukapanda mweupe, mnene, mmoja. Tulingoja ushike vizuri, tukauzima, tukabeba mizigo yetu na kuteremkia upande wa pili, kwa wafugaji. Tulilala kwa Mama Nyamwiza, rafiki wa shangazi, mwanamke mrefu aliyeongea Kiswahili kwa sauti ya Kinyarwanda na aliyenipa maziwa katika chombo cha mti kilichofukizwa moshi. Niliyanywa nimefumba macho. Aliniuliza ziwa linanukaje. Nilikuwa sijawahi kuwa mbali nalo hata nikagundua kwamba linanuka.

Sisi hatukujua kilichotokea nyuma yetu. Tulipokwisha kuliacha Pengo, wachungaji wa upande ule walichoma majani makavu ili ng'ombe wao wapate machipukizi. Wafugaji hufanya hivyo kila kiangazi, na mwaka ule walianza mapema. Majivu yetu yalikuwa bado yanafuka kidogo, na pembeni yake ukapanda moshi wao. Baba, mchangani, aliinua macho kutoka kwenye wavu wake akaona mioshi miwili ndani ya Pengo.

Mfugaji angeona majani yanaungua. Mvuvi wa Lweba aliona mtoto wake anaomba mtumbwi.

Asubuhi tuliposhuka tulikutana na wanawake wa soko wakipanda. Walikuwa wanacheka hata kabla hawajatufikia. Walisema huko chini kuna mzee anapanda na kafi la kupigia mtumbwi, na kamba ya nanga begani, na kwamba wamemwambia, Papa, maji iko nyuma yako. Mmoja akaongeza kwamba labda anakwenda kuvua panzi. Shangazi hakucheka. Aliuliza mzee huyo amevaa shati gani. Walipomjibu, alishika mkono wangu na tukaanza kushuka haraka.

Tulimkuta juu ya Ngazi. Alikuwa amekaa chini, kifua kimelala kwenye mwamba, mikono miwili imekumbatia mzizi. Kandambili zake zilikuwa zimekatika, akazifunga kwa uzi wa nyavu. Kafi lilikuwa pembeni. Alikuwa ametembea tangu jana, usiku ukamkuta chini ya mwamba mmoja, akakaa hapo bila kulala. Midomo yake ilikuwa mikavu, na uso wake ulikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona, hata siku moja mtumbwi wake ulipozama akarudi nyumbani akiogelea.

"We Riziki," alisema. "Uko muzima?"

"Niko muzima, baba."

"Miguu?"

"Iko mizima."

Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye vidole, kama mtu anayekagua wavu. Ndipo akamgeukia dada yake na kusema aliona moshi mbili. Shangazi akatazama nyuma, juu, ambako majani bado yalikuwa yanafuka, akaelewa, akakaa naye chini. Mimi nililia. Sikulia kwa sababu ya baba, nawaambieni ukweli. Nililia kwa sababu nilijua mambo ya mlima yameisha. Nilikuwa nimempa shida kubwa kuliko shida zote, na maneno yake niliyakumbuka moja baada ya jingine.

Kisha tukashuka. Baba alisema mimi nitangulie na yeye anifuate. Alishika ncha ya kitenge changu, akaizungusha kwenye ngumi yake. "Enda polepole," alisema. "Weka muguu, mi nione. Weka mwingine." Nilidhani ananipima, anahesabu makosa yangu ili ayatumie baadaye. Kwa hiyo nilishuka vizuri kuliko nilivyowahi kushuka popote. Nilichagua kila mzizi, nilijaribu kila jiwe kabla ya kulipa uzito wangu, na kila mahali nilipotoa mguu, mguu wa baba uliingia. Shangazi, aliyekuwa nyuma na kafi mkononi, alimwambia alitazame ziwa lake, hajawahi kuliona hivi.

"Nalijua," baba akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye visigino vyangu.

Tulipofika chini, kwenye kijito kabla ya mashamba ya mihogo, alikaa kwenye jiwe akaosha miguu yake. Ilikuwa imechanika. Aliiosha muda mrefu. Shangazi alianza kusema kwamba kosa si la mtoto, kwamba moto ule ulikuwa wa watu wengine, na baba akamwonyesha kiganja, yaani basi.

"Soko likirudi," alisema, akiwa bado anatazama maji, "mutaenda. Lakini moshi muache. Mutaniambia mukisharudi."

Nilirukaruka majini mpaka nikawalowesha wote wawili. Nilifikiri amepanda mlima, akaona kwamba si kitu, na hofu yake imekwisha. Niliamini hivyo miaka mingi. Nilipanda na shangazi mpaka nikawa mkubwa, nikabeba kitunga changu mwenyewe, nikajifunza njia tatu za kuvuka ukingo ule na kilele kimoja ambacho hakina soko wala faida, nilichokipanda kwa sababu kipo. Siku hizi njia ile si ya kupita ovyo. Vita vimeikata mara nyingi, na Mama Nyamwiza sijui yuko wapi. Lakini miguu bado inajua.

Kwenye kilio cha baba, tukiwa tumekaa kwenye mikeka, shangazi Apolina, ambaye sasa ni kikongwe, alinieleza jambo ambalo baba alimkataza kunieleza. Baba akiwa mvulana alitumwa kupanda mchikichi kukata mkungu. Alipofika juu akatazama chini, mikono ikagoma. Alikaa amekumbatia shina mpaka wanaume wakamshusha kwa kamba, na watoto wa kijiji wakamtungia wimbo. Tangu siku ile hakupanda tena kitu chochote. Paa la nyumba yetu lilipovuja aliita majirani. Kumbe siku ile pale Ngazi mikono yake ilikuwa imegoma tena, na hakuwa anapima miguu yangu. Alikuwa anaiazima.

Nilidhani hayo ndiyo yote. Lakini mvuvi mwenzake, mzee aliyeshona nyavu pamoja naye miaka yote, alikuwa anasikiliza, akaongeza lake. Alisema tangu hapo, kila nilipokuwa mlimani, baba hakula vizuri. Alikuja mchangani kama kawaida, akatandika wavu wake, lakini alikaa ameangalia maji, mlima ameupa mgongo. Akisikia mtu anataja moshi, aliinuka akaenda kuosha uso. Yule mzee alimuuliza siku moja kwa nini asigeuke tu atazame Pengo, roho itulie.

Baba alimjibu kwamba huko juu wanachoma kila siku. "Nikigeuka nitaona mbili," alimwambia. "Na nikiona mbili, nitapanda."