Senti Kumi Isiyo na Tundu

Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, chama chetu cha ushirika pale Kibiti hakikukawia kufa, na sisi makarani tukarudishwa nyumbani na barua za shukrani. Mimi nilikuwa mkaguzi wa korosho. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuzitazama korosho za watu na kuwaambia hii safi, hii takataka. Niliondoka na kiburi hicho, pamoja na lenzi ya ofisi ambayo hakuna aliyekumbuka kunidai.

Mwaka uliofuata akaja mnunuzi wa sarafu za kale kutoka Dar es Salaam, mtu mpole, akapanga gesti siku mbili. Sarafu nzima za Mjerumani, zile heri, hazikumshughulisha. Alitaka sarafu zilizokosewa kiwandani: maandishi yaliyopigwa mara mbili, au zile senti kumi za Mwingereza, zenye pembe mbili za ndovu, ambazo tundu la katikati limekwenda upande. Mama mmoja muuza maandazi alilipwa bei ya mbuzi kwa sarafu ya namna hiyo. Mji mzima ukaanza kufukua masanduku.

Mnunuzi aliponiona na lenzi, akanipa somo. "Kiwandani wanatoboa tundu kwanza, chapa inapigwa baadaye. Ndiyo maana midomo ya tundu huwa laini. Ikikukwaruza kidole, ujue hilo limetobolewa mtaani kwa keekee."

Nilimsikiliza kama nilivyozoea kusikiliza mikutano ya ushirika: kwa kutikisa kichwa. Alipoondoka, akiahidi kurudi baada ya mfungo, niliweka meza sokoni mbele ya banda la shemeji yangu, fundi baiskeli, nikajiita mtaalamu.

Shangazi yangu alitembea kutoka Dimani kuniletea sarafu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa senti kumi isiyo na tundu kabisa. Nikaiweka chini ya lenzi. Katikati, pale ambapo tundu lingekuwa, niliona kiduara chembamba kilichoinuka.

"Shangazi, hii imezibwa," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza samaki. "Mtu ameyeyusha risasi akajaza tundu. Mambo haya wapelekeeni wasiojua."

Watu wakacheka. Shangazi akaifunga sarafu kwenye pindo la khanga. "Haya, mwanangu," akasema, akaondoka bila hata kunywa maji.

Jioni ile shemeji aliniletea senti kumi saba, zote tundu limepanuka upande mmoja hadi kula pembe ya ndovu. Nilipapasa moja, ikanichana kidole. Nilimtazama shemeji, alikuwa na unga wa shaba kwenye nyusi. Lakini huyu ni kaka wa mke wangu, na unga wa ugali nyumbani kwangu ulikuwa ukitoka kwake. Nikaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini: "Halisi."

Mnunuzi aliporudi, hakuhitaji hata lenzi. Alizipapasa zile saba, akazisukuma pembeni. "Hizi zimezaliwa mwezi huu," akasema.

Ili kuokoa heshima yangu, nikamsimulia jinsi nilivyo mkali. "Watu wana mbinu, bwana. Kuna mama aliniletea isiyo na tundu. Nikaona kiduara cha mzibo, nikamrudisha."

Aliacha kufunga begi. "Kiduara kimeinuka, au kimezama?"

"Kimeinuka."

"Huo ni ukingo wa tundu. Umo kwenye chapa yenyewe. Kisahani cha shaba kilipita bila kutobolewa, kikapigwa chapa hivyohivyo. Bwana, kwa sarafu ile mama huyo angeezeka nyumba yake bati." Akatazama saa. "Nakusubiri hadi adhuhuri."

Nilichukua baiskeli ya mteja bandani, nikaiendesha kwenye mchanga hadi Dimani. Nilimkuta shangazi anamenya mihogo.

"Shikamoo shangazi. Ile sarafu iko wapi?"

"Marahaba. Inavaliwa." Akamwita mjukuu wake, mtoto wa kutambaa. Sarafu ilining'inia kiunoni kwake kwenye uzi mweusi. "Si ulisema ni ya ovyo? Nilipotoka kwako nikazunguka nyuma ya banda kwa shemeji yako, akanitobolea."

Niliigeuza. Lilikuwa tundu safi, limekaa katikati barabara. Shemeji, ambaye kwa makusudi alikuwa ameharibu sarafu saba, hii ya nane aliitengeneza kwa moyo wake wote.

Nilikaa chini nikamweleza shangazi yote, hata habari ya bati. Nilitegemea machozi au matusi. Aliendelea kumenya hadi mhogo ule ukaisha.

"Ulinitangaza sokoni," akasema. "Sasa nenda ukajitangaze wewe."

Sikumkuta tena mnunuzi. Siku ya gulio nilipanda juu ya kiti changu cha utaalamu, nikatangaza kwamba sarafu ya shangazi ilikuwa ya kweli, na mimi ndiye nisiyejua kitu. Wachache walisikia. Wengine walidhani nanadi mitumba, mmoja akaniuliza kama nina suruali za kijana. Shemeji alicheka hadi akakohoa, kisha akaniomba, kama nimemaliza, nimuuzie ile lenzi.