Nafasi ya Mlangoni

Siku ya mwisho kabla ya vita ya Kagera tulikuwa bandarini Nyamirembe, tukipakia pamba na kubishana na dume la ng'ombe lililogoma kupanda melini. Nahodha alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ndiye niliyepanga shehena, na kazi yangu ilikuwa na kanuni moja: kinachotangulia kushuka hupakiwa mwisho, karibu na mlango.

Wiki chache baadaye jeshi likaichukua meli yetu. Weupe wake ukapakwa rangi ya majivu, na juu ya paa, tulipozoea kuanika dagaa, ukafungwa mzinga wa kutungulia ndege. Tukawa tunavusha askari kwenda Kemondo, karibu na Bukoba. Wakati wa kwenda waliimba. Tuliporudi tulibeba majeruhi, tukawalaza palepale ilipokuwa ikilala pamba.

Safari ya nne nikamwona mdogo wangu Shija kwenye foleni ya mgambo waliotoka kwetu Ushirombo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mayu anajua?"

"Anajua. Kasema wewe upo, hana wasiwasi."

Mama huyo! Utadhani meli ilikuwa yangu.

Shija hakuwahi kuona maji mapana kuliko lambo la kunyweshea ng'ombe. Aliitazama meli, akaninong'oneza, "Kaka, ikipigwa bomu hii, tunatokea wapi?"

Swali lile lilinichoma. Nikamvuta pembeni, nikampa sato wa kukaanga, nikamchelewesha makusudi mpaka wenzake wote wakaingia. Kisha nikamkalisha mlangoni, penye hewa, boya mkononi. Nilijiona mjanja kweli.

Ndege ilitukuta asubuhi.

Tulilala kifudifudi. Mzinga ukanguruma.

Bomu likaangukia majini, mbali nasi.

Nilimtazama Shija. Amekumbatia boya, anacheka.

Tulipofunga gati, afisa akafoka, "Walio mlangoni, lori la kwanza!"

Shija akanirushia boya na kukimbia. Hapo ndipo kanuni yangu iliponijia. Nilimwita kwa nguvu zote. Akadhani namuaga, akanipungia mkono.

Safari iliyofuata, majeruhi mmoja akanieleza akiwa amelala chini. Lori la kwanza lilikanyaga bomu lililotegwa ardhini, ng'ambo ya Mto Kagera. Yaliyofuata yalipita salama.

Vita ilipokwisha meli ikarudishiwa rangi yake na pamba yake. Mimi nilikwenda Ushirombo kuungama. Moyo ulikuwa umenipasuka, na nilitaka mama anilaani nipumue.

"Mayu, mimi ndiye niliyemweka mlangoni."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante mwanangu. Basi hakukosa hewa."

Habari ya lori la kwanza sikumwambia. Miaka yote iliyobaki alimwambia kila mgeni kwamba Shija alipewa na kaka yake nafasi nzuri kuliko wote. Hata siku anafariki alilisema hilo, nami nimekaa kando ya kitanda chake, naitikia.