Ndege wa Kijani wa Bafuni

Harufu ya thina ya kuchanganyia rangi ikinipata mahali popote, hata nikipita tu karibu na duka la rangi, hunirudisha kwenye bafu letu kule Kosele, nikiwa na miaka tisa na hasira tele.

Nyumba ile baba aliinunua kwa mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa akirudi kwao. Bafu lilikuwa na vigae vyeupe ukutani hadi juu ya dirisha, vimechakaa, na safu moja ilichorwa ndege wadogo wa kijani. Ndege hao nilikuwa nimewapa majina ya walimu wangu. Yule wa hesabu alikuwa na ufa shingoni.

Mwaka ule Dani, mama yake baba, alihamia kwetu kutoka Rusinga. Alikuwa mtu wa maneno machache na ukaidi mwingi. Asubuhi moja alitoka kuoga akiwa na uvimbe kwenye paji la uso. "Niliteleza tu, mjukuu wangu," akaniambia. Nikaamini.

Jumamosi iliyofuata mama alirudi sokoni na mkebe wa rangi ya mafuta, kijani kilichokolea kama majani ya sukuma wiki. Akanipa kipande cha msasa.

"Kwaruza mpaka mng'ao uishe. Kigae laini hakishiki rangi."

"Na ndege pia?"

"Na ndege pia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema, Achieng."

Tulisugua ukungu kwa sabuni, tukakwaruza, tukapangusa. Vumbi jeupe lilitukaa kwenye nyusi tukafanana na wazee. Nilikaribia kucheka, nikakumbuka kwamba nimenuna. Mama alipoanza kupaka, jirani yetu alichungulia mlangoni.

"Mama Achieng, vigae vizuri hivi unavipaka rangi kama kioski?"

"Nimechoka na weupe," mama akajibu.

Jirani alipoondoka nilimwambia mama kwamba anaharibu kila kitu kizuri. Hakunichapa. Aliendelea kupaka taratibu, akizunguka ukingo wa sinki bila kuligusa, kama mtu anayempaka mtoto mafuta karibu na macho.

Siku mbili tulioga nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa mabati, tukisubiri rangi ikauke. Siku ya tatu Dani aliingia bafuni na kufunga komeo. Mama alikuwa jikoni akichambua omena, dagaa wa ziwani, na mikono yake ikasimama. Tulisikia maji yakimwagika. Kisha Dani akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti yake mbovu, ubeti baada ya ubeti. Mama akarudia omena zake huku akijifuta macho kwa kiwiko. Nilidhani ni moshi.

Ukweli niliupata kwa mama nikiwa mtu mzima, miaka mingi baada ya kumzika Dani. Siku zile macho yake yalikuwa yanafifia. Katika weupe ule wote hakuweza kuona sinki linaanzia wapi, ndiyo maana alijigonga. Alimwomba mama mambo mawili: mtu yeyote asiambiwe, na yeye asiogeshwe na mke wa mwanawe. Mama alifikiri, akaona kwamba sinki jeupe mbele ya ukuta wenye rangi nzito litaonekana hata kwa macho yaliyochoka.

"Mbona hukuniambia hata mimi?" nilimuuliza.

"Ungeanza kumwonea huruma. Yeye alitaka uendelee kumwogopa kidogo."

Dani alioga peke yake miaka mingine sita. Ili hilo liwezekane, mama alikubali majirani wamwone hajui kizuri, na bintiye amnunie wiki nzima, wala hakujitetea hata kwa neno moja. Mimi nilikuwa nikidhani upendo wa mtu mzima lazima usikike. Kumbe wa mama ulikuwa ukifanya kazi kimya huku nikiulalamikia.

Nilimshika mkono nikamshukuru, na nikamwomba msamaha.

"Asante ya nini?" akasema. "Nusu ya ukuta ule uliikwaruza wewe."